Kwa nini Southampton walipanda 2023/24 na Leeds wenye pointi 90 wakabaki?

Championship, ligi ya daraja la pili England, inapandisha timu tatu kwenda Premier League, lakini msimamo unaamua mbili tu. Leicester (97) na Ipswich (96) walipita moja kwa moja. Msimu huo nafasi ya 3 hadi ya 6 walienda mchujo: wa 3 na wa 6, wa 4 na wa 5, nyumbani na ugenini, halafu fainali moja Wembley. Pointi za mechi 46 hazihesabiki tena. Faida pekee ya aliye juu ni kumalizia nusu fainali nyumbani, na bao la ugenini halina uzito wa ziada. Mkilingana ni dakika 30 za nyongeza, kisha matuta. Leeds waliwachapa Norwich 4-0, wakafika Wembley wakalala 1-0 mbele ya Southampton kwa bao la Adam Armstrong. Kikatili, ila kanuni inajulikana tangu Agosti.

League Two, daraja la nne, ndiyo tofauti: watatu wanapita moja kwa moja, mchujo ni wa 4 hadi wa 7. Msimu huohuo Crawley, wa 7, waliitoa MK Dons 8-1 kwa jumla wakapanda.