Mchele wa Pasaka na Rabi wa Kraków

SWALI

Mheshimiwa Mhariri, assalaamu alaykum. Mimi ni mpishi katika nyumba ya wageni hapa Jambiani. Mwezi wa Aprili tulipokea familia mbili za Kiyahudi zilizosafiri pamoja, nazo zilikuja na sufuria zao wenyewe kwa kuwa walikuwa katika siku zao za Pasaka. Niliwanunulia mchele nikauweka jikoni. Familia ya kwanza, ambayo wazee wake walitoka Baghdad, waliumwaga kwenye sinia, wakauchagua mara tatu, kisha wakaupika. Familia ya pili, yenye asili ya Poland, hawakuugusa kabisa. Nilipouliza sababu, mzee wao alinijibu kwa upole kwamba kitabu chao cha sheria ni kimoja, lakini wao humfuata Rema wa Kraków. Huyu Rema ni nani? Na je, niliwakosea adabu kwa kuwawekea mchele?

Mpishi, Jambiani, Unguja

JIBU

Wa alaykumu ssalaam, ndugu yetu. Mzee yule alikujibu sawasawa, ila alikupa kwa sentensi moja jambo ambalo lina historia ya zaidi ya miaka 400.

Rema ni jina la kifupi la Rabi Moses Isserles, aliyeishi Kraków, katika nchi ya Poland, na kufariki mwaka 1572. Kitabu ambacho mzee alikitaja hakukitunga yeye. Kilitungwa na Rabi Joseph Karo, aliyezaliwa Hispania mwaka 1488, akawa miongoni mwa Wayahudi waliofukuzwa huko, na mwishowe akakaa Safed, Palestina. Karo alikiita kwa Kiebrania *Shulchan Aruch*, maana yake meza iliyokwisha kuandikwa, kwa ile maana ya kuandika meza tunayoijua sisi: vyombo vimepangwa, chakula kipo, mlaji aketi tu ale. Kilichapwa Venice mwaka 1565, nacho kilimpa msomaji hukumu za sala, vyakula, ndoa na mali bila ya kumpitisha katika mijadala mirefu ya wanazuoni.

Tatizo lilikuwa katika namna Karo alivyofikia hukumu zake. Aliwategemea wanazuoni watatu wakubwa, na pale walipohitilafiana alifuata kauli ya wawili dhidi ya mmoja. Kati ya watatu hao, wawili, yaani Alfasi na Maimonides, walikuwa watu wa Maghribi, Hispania na Misri. Wa tatu alizaliwa Ujerumani, naye pia akaishia Hispania. Kwa hiyo desturi za Wayahudi wa Ujerumani, Poland na kaskazini ya Ufaransa, wanaoitwa Waashkenazi, mara nyingi zilizidiwa kura kabla hazijasikilizwa. Isserles aliliona hilo upesi. Alieleza hofu yake kwamba wanafunzi wa baadaye wangeyanywa maneno ya Karo bila ya kuuliza, na desturi za nchi nzima zikapinduliwa.

Angeweza kutunga kitabu cha kushindana na kile cha Karo, kwani elimu alikuwa nayo na chuo cha wanafunzi alikuwa nacho. Badala yake aliandika maelezo mafupi ya kuingizwa ndani ya kitabu kile kile, akayaita *Mappah*, yaani kitambaa cha meza. Meza imeandikwa na mwenzake. Yeye anaitandikia kitambaa ili watu wa kwao nao waweze kuketi. Msomaji aliyepita vyuoni kwetu na kushika vitabu vyenye matini na hashia atalielewa jambo hili haraka. Tofauti ni kwamba hapa maneno ya mfafanuzi hayakai pembeni: unasoma hukumu ya Karo, kisha katikati ya ukurasa herufi zinabadilika, linatokea neno la Kiebrania lenye maana ya nyongeza, na Isserles anasema kwamba wapo waliohukumu vingine, au kwamba desturi ya nchi hizi ni kadha wa kadha. Tangu chapa za Kraków za miaka ya 1570 maandishi ya wawili hao yamekuwa yakichapwa pamoja. Hapo ndipo kitabu kilichokuwa cha upande mmoja kilipokuwa cha Wayahudi wote, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo athari yake kubwa kuliko zote.

Sasa turudi kwenye mchele wako. Katika Pasaka Wayahudi wote wamekatazwa chachu ya ngano, shayiri na nafaka chache za jamii hiyo. Karo aliandika kwamba mchele, kunde na mfano wake si katika hizo, hivyo vinaruhusiwa. Isserles akaongeza hapo hapo kwamba wapo wanaovikataza, kwamba desturi ya Waashkenazi ni kujizuia, na kwamba haifai kuibadilisha. Desturi hiyo ilianza karne ya 13, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kwamba nafaka hizo huchanganyika na ngano ghalani. Hofu hiyo ya punje ya ngano ndiyo iliyowafanya wale wa Baghdad wauchague mchele mara tatu.

Wapo waliompinga. Rabi Chaim ben Bezalel wa Ujerumani alilalamika kwamba Isserles alizipa desturi za Poland nafasi kuliko za Ujerumani, na kwamba vitabu vya aina hii vingewafanya waamuzi waache kupima wenyewe. Hoja hiyo ya pili ina uzito.

Hata hivyo, asidhaniwe kuwa Isserles alikuwa mtu wa kufunga milango. Ijumaa moja huko Kraków bi harusi yatima alikuwa akisubiri kufungishwa ndoa, na mali aliyoahidiwa bwana harusi ikapungua. (Kwao mali hiyo hutoka upande wa mwanamke, kinyume na mahari yetu.) Bwana harusi akakataa, watu wakambembeleza, jua likazama na Sabato ikaingia, ambapo ndoa haifungwi. Alipokubali hatimaye, usiku ulikuwa umekwisha kuingia, na Isserles akaifunga ndoa saa ile ile. Watu waliponung'unika, aliandika jibu refu la kutetea kitendo chake: ipo kauli ya wanazuoni inayoruhusu wakati wa dharura, na aibu ya yatima kurudi nyumbani bila ya ndoa ilikuwa dharura ya kutosha.

Ama kuhusu adabu, ndugu yetu, hukukosea chochote. Isserles huyo huyo, mara tu baada ya kuutaja mwiko wa mchele, aliandika kwamba punje zake zikidondokea katika chakula haziharamishi chakula hicho, kwamba mafuta ya nafaka hizo yanaweza kuwashiwa taa, na kwamba inajuzu kuziweka nyumbani siku zote za Pasaka. Wageni wako wa Poland waliweza kukaa jikoni kwako pamoja na mchele ule bila ya wasiwasi. Hawakuweza kuula tu.