Beta dume unamweka na nani? Yaliyonikuta mimi na gapi

Mkuu, umeuliza kama beta dume uliyemnunua juzi, yule samaki wa urembo mwenye mapezi marefu, anaweza kukaa tangi moja na gapi wako wanane, wale samaki wadogo wenye mikia ya rangi, na kama muuzaji alisema kweli kwamba "wakizoeana watatulia". Nakuomba usiwachanganye. Mimi niliwachanganya.

Beta wangu wa kwanza alikuwa mwekundu, mkia mrefu, kwenye tangi la lita 40 hapa Dar es Salaam. Nikamtilia gapi madume sita kwa kuwa gapi ni wapole. Siku ya kwanza alitanua mashavu tu na kuwazunguka. Asubuhi ya siku ya tatu nilikuta wawili hawana mikia na mmoja kafa. Iliniuma sana, maana wale samaki hawakuwa na kosa lolote.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba beta haangalii upole wa mwenzake, anaangalia umbo. Kwao ni Thailand, kwenye maji yaliyotuama ya mashamba ya mpunga na mitaro. Wathai wanamwita pla kat, na kwa vizazi vingi walimzalisha kwa ajili ya kupiganishwa. Dume hujenga kiota cha mapovu juu ya maji na kulinda mayai yeye mwenyewe. Basi chochote chenye mkia mpana na rangi kali kikipita karibu na uso wa maji, kwake huyo ni dume mwenziwe. Na gapi dume ndivyo alivyo hasa! Gurami nao waache, ni ukoo wake. Madume wawili wa beta tangi moja, hapana kabisa.

Lakini kumbuka naye huonewa. Mapezi yale marefu yanamfanya awe mzito wa kuogelea, na samaki wenye tabia ya kudonoa, kama babi wenye milia, watamchana mapezi hadi augue. Samaki wa dhahabu wanapenda maji ya baridi zaidi na wanachafua haraka, kwa hiyo nao hawafai.

Nilipohamia tangi la lita 60 nilianza upya kwa subira. Kwanza mimea mingi na mchanga laini, kisha korido sita, wale kambale wadogo wanaotafuta chakula chini, pamoja na konokono wawili wa neriti. Korido wanahitaji kuwa kundi, usinunue mmoja. Beta nilimwingiza mwisho kabisa, ili asikute tangi tupu akalifanya lote lake. Akawakagua, akatanua mashavu mara mbili, akapanda zake juu. Waliishi hivyo zaidi ya mwaka bila jeraha. Kamba wadogo nao niliwahi kujaribu. Aliwala.

Kitu kilichosaidia sana ni majani ya mti wa mkungu. Wafugaji wa Asia wanayatumia siku zote, na sisi wa pwani tunayafagia uani! Okota yaliyokauka na kuanguka yenyewe, mbali na barabara na mahali panapopuliziwa dawa, yasuuze, tia moja au mawili. Maji yanakuwa na rangi ya chai hafifu na samaki wanapata pa kujificha. Penye maficho beta hawezi kumwona kila mtu kwa wakati mmoja, na fujo inapungua.

Joto liwe kati ya nyuzi 25 na 28. Dar sihitaji hita, ila kama uko Arusha au Nairobi utaihitaji. Acha nafasi ya hewa juu ya maji kwa sababu beta hupanda kuvuta hewa, na funika tangi kwa sababu anaruka.

Kabla hujaongeza mtu yeyote, weka tayari chombo cha akiba chenye maji yaliyoondolewa klorini. Kutanua mashavu mara moja moja si vita. Ukiona anamkimbiza mwenzake bila kupumzika, au yeye mwenyewe amebana mapezi na hataki kula, watenganishe saa hiyo hiyo, usingoje kesho. Beta wangu wa pili, wa bluu, alikuwa anashambulia hata vipapasio vya konokono. Nilimwacha akae peke yake, akawa anakula vizuri na kujenga mapovu kila wiki.

Gapi wako waache walipo. Niambie tangi la beta ni la lita ngapi na kama lina mchanga au kokoto, nikwambie korido wangapi watatosha.