Gumba na shahada kwenye gitaa la pedali

Vijana wanaokuja kunitazama nikipiga gitaa la pedali hapa Katuba, mjini Lubumbashi, huanza na swali lilelile: "Yaya, unapigaka na vidole ngapi?" Nikijibu viwili, nyuso zinaanguka. Wameona kwenye simu Wamarekani waliovaa kucha tatu, ya plastiki kwenye gumba na mbili za chuma kwenye kidole cha shahada na cha kati, na wanaamini bila hizo tatu hakuna muziki. Mimi nawaambia hivi: kama umelelewa na gitaa kavu la Katanga, yaani lisilo la umeme, gumba na shahada, usiutupe mkono huo ukatafute mwingine. Uhamishe kama ulivyo, halafu ufundishe mambo mawili matatu ambayo gitaa la kawaida halikuudai.

Mkono huo si wa kuonea haya. Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, alikuwa akipiga kwa gumba na shahada huko Jadotville, Likasi ya leo, Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Afrika, alipomkuta na kumrekodi mwaka 1952. Mwaka 1969 alipanda nao jukwaani kwenye tamasha la Newport, Marekani. Na huko Marekani kwenyewe, Merle Travis wa Kentucky, ambaye mtindo mzima wa kupiga gitaa unaitwa kwa jina lake, alitegemea gumba lenye kucha na shahada. Chet Atkins, mpiga gitaa mwingine wa Marekani, alimsikia redioni akiwa kijana, hakuwa na njia ya kumwona, akadhani yule bwana anatumia vidole zaidi, akajizoeza na vidole zaidi hadi akatoka na mtindo wake mwenyewe. Vidole vingi vilizaliwa na kukosa kuona! Basi usiniambie viwili havitoshi.

Kwa wasiolijua gitaa lenyewe: linasimama kwa miguu yake kama meza, na mpigaji anaketi mbele yake. Nyuzi ni kumi. Mkono wa kushoto unashika chuma cha mviringo kinachoteleza juu ya nyuzi, mguu wa kushoto unakanyaga pedali, magoti yanasukuma vyuma vya chini, mguu wa kulia unaongoza sauti kubwa na ndogo. Si mgeni kabisa Afrika. Demola Adepoju alilipiga katika bendi ya King Sunny Adé wa Nigeria, na ukisikiliza utaona halikutoka nje ya ngoma hata kidogo. Langu lilipita mpakani Kasumbalesa pamoja na mizigo mingine kutoka Afrika Kusini. Hadithi ya forodha tuiache.

Kucha ya gumba. Wengi huacha kuivaa kwa sababu inabana au inazunguka kidoleni, na kosa si la kidole. Chukua maji ya moto, chovya kucha hiyo kidogo mpaka plastiki ilegee, ivae ikiwa bado na joto la kuvumilika, ibonyeze ikufuate, kisha itie kwenye maji baridi. Usitumie moto wa mshumaa, maana baadhi ya kucha hizo zimetengenezwa kwa selulodi na zinashika moto haraka. Ncha ikiwa ndefu mno, ipunguze kwa tupa ya kucha. Shahada iache tupu mwanzoni ukitaka, ila sauti ya gumba itaimeza. Mimi naivalisha chuma, na gumba nalipunguzia nguvu.

Sasa njia ya gumba, na hapa ndipo penye kazi. Gitaa la kawaida limezoeza gumba lako kwamba nyuzi nene ziko mahali pamoja na akodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, ikibadilika unajua pa kwenda. Kwenye mpangilio wa sauti za nyuzi uitwao E9, ambao ndio wengi wanaanza nao, nyuzi hazikupangwa kutoka nene hadi nyembamba moja kwa moja. Uzi wa tatu ndio wenye sauti ya juu kuliko yote. Wa kwanza na wa pili uko chini yake. Uzi wa saba na wa tisa uko katikati ya njia na hauingii kwenye akodi ya kawaida. Gumba linatembea kama mtu anayepanda ngazi iliyong'oka vipandio.

Weka chuma kwenye mstari wa 8 kati ya ile iliyochorwa chini ya nyuzi, bila kukanyaga chochote. Hapo una akodi ya Do. Uzi wa 8 unatoa Do, wa 10 unatoa Sol, na besi yako ni 8, 10, 8, 10, vizuri kabisa, kama nyumbani. Wimbo uko kwenye 5, 4 na 3, chini ya shahada. Kisha kanyaga pedali ya kwanza na ya pili kwa pamoja: umepata Fa bila kusogeza chuma. Lakini tazama kilichotokea chini. Uzi wa 10 umepanda kutoka Sol hadi La. Uzi wa 6 umepanda kutoka Mi hadi Fa. Gumba likiendelea na 8, 10 kwa mazoea, besi inacheza Do na La, Fa yenyewe haimo, na msikilizaji anahisi wimbo umekosa sakafu hata kama hajui kwa nini. Inabidi gumba lipande ngazi moja: 6, 8, 6, 8. Ukitaka Sol, usiachie pedali, telezesha chuma hadi mstari wa 10 na gumba libaki palepale kwenye 6 na 8. Akodi tatu, ambazo zinatosha nyimbo nyingi za kwetu, na gumba lina nyumba mbili tu za kuhamahama.

Zoeza gumba peke yake kwanza. Shahada ikae mfukoni, kama inawezekana! Do kwa vipimo viwili, Fa viwili, Sol viwili, rudi Do. Mguu ukanyage sawasawa na pigo la kwanza, si kabla, si baada. Gumba likishaacha kukuuliza, ingiza shahada kwenye uzi wa 4 katikati ya mapigo, uzi huo mmoja tu, mpaka uweze kuongea na mtu huku unapiga. Wimbo uje baadaye. Na kwa kuwa gumba la Katanga si mtumwa wa besi, kuna siku litapanda kuchukua noti ya wimbo kwenye uzi wa 5 na kurudi. Liruhusu.

Kuzima sauti ndiko kunakowashinda wengi. Kwenye gitaa la kawaida unainua kidole cha kushoto, noti inakufa. Hapa chuma kimelala juu ya nyuzi zote, kwa hiyo noti haifi mpaka uiue, na muuaji ni mkono wa kulia. Sikiliza jambo hili moja kwa makini: umepiga uzi wa 10, bado unalia Sol, na mguu unakanyaga pedali kwenda Fa. Utasikia besi inaparamia juu, Sol inanyooka hadi La, mlio wa paka chini ya wimbo. Juu, kwenye nyuzi nyembamba, mlio huo ndio utamu wa gitaa hili. Chini unaharibu. Dawa yake ni gumba lenyewe: nusu pigo kabla ya kukanyaga, linagusa uzi wa 10 na kubaki juu yake hadi ukimya uingie, ndipo linapanda kwenye 6.

Wamarekani wengi huzima kwa ubavu wa kiganja, wakiuangusha kwenye nyuzi zote kati ya noti na noti. Kwa noti za pekee ni njia safi. Kwa besi inayotembea haifai hivyohivyo, maana inaua wimbo pamoja na besi. Mimi naegemeza kisigino cha kiganja kwenye nyuzi nene tu, karibu na mahali zinapoishia upande wa kulia, besi inatoka fupi na kavu, inagonga zaidi ya kuimba, na juu shahada inabaki huru. Vidole vya mwisho vya mkono wa kushoto nyuma ya chuma navyo vitulie juu ya nyuzi. Vikielea hewani utasikia mikwaruzo.

Mapigo usiyatafute kwenye simu ukiwa na mtoto nyumbani. Mpe chupa ya soda na kijiko, ndivyo gitaa kavu lilivyosindikizwa siku zote, na mtoto akichangamka atakusukuma kuliko mashine yoyote. Umeme ukikatika usifunike gitaa. Bila amplifaya unasikia vizuri zaidi ni uzi gani hukuuzima, kwa hiyo mimi naufanya wakati huo kuwa wa mazoezi ya gumba tu.

Kuhusu nyuzi: wa tatu ndio utakaokukatikia mara kwa mara, kwa sababu ni mwembamba, umevutwa sana, na pedali ya pili inauvuta tena kila ukikanyaga. Seti ya nyuzi kumi haipatikani kirahisi hapa mjini, lakini waya mtupu wa unene wa 011 wa gitaa la kawaida unafanya kazi hiyo. Nunua kadhaa kwa mpigo, na seti nzima uiagize kwa mtu anayesafiri.