Alama Moja Ilitunyima Ruzuku: Kwa Wanaotaka Kusaidia Maveterani Wasio na Makao

Wiki jana dada mmoja wa Columbus, Ohio, aliniandikia: "Dada, nimeona picha mkimkabidhi mzee funguo za nyumba. Na mimi nataka kufungua shirika kama lenu. Hizo pesa za serikali mlizipataje?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Ile picha imetuchukua miaka minne, na ruzuku ya kwanza tuliyoitaka hata hatukukataliwa. Afadhali tungekataliwa. Maombi yenyewe hayakuondoka kwenye kompyuta yangu.

Acha nianze na Afande, maana ndivyo tulivyomwita kanisani hapa Tacoma, jimbo la Washington. Tuko karibu na kambi ya Joint Base Lewis-McChord, kwa hiyo katika ibada yetu ya Kiswahili hukosi vijana wa kwetu waliopita jeshini. Wengine waliingia kwa green card, wengine kwa ule mpango wa MAVNI ulioanza mwishoni mwa 2008, uliochukua wageni wenye lugha ambazo jeshi la Marekani lilizihitaji, Kiswahili kikiwamo. Afande alikuwa ameshatoka jeshini. Kila Jumapili alifika kabla ya mchungaji, shati limenyooka kwa pasi. (Hadi leo sijui pasi hiyo aliipigia wapi.)

Wakati huo nilikuwa nafanya shifti ya usiku katika nyumba ya wazee. Alfajiri moja ya Januari, mvua yetu ile isiyokatika, nilipita dukani kununua maziwa nikamkuta amelala ndani ya gari, vioo vyote vimejaa ukungu. Nikagonga. Hakuniomba chakula wala pesa. Alisema, "Dada, tafadhali, habari hizi zisifike nyumbani." Mamake Nyeri alikuwa bado anawaambia majirani kwamba mwanawe ni mwanajeshi wa Marekani.

Nikafanya anachofanya Mkenya yeyote: nikaitisha harambee. Ndani ya siku mbili tulikuwa na pesa za moteli za wiki tatu. Wiki ya nne Afande akarudi garini, na safari hii aliegesha mbali zaidi ili tusimwone.

Hapo ndipo nikasema tufungue shirika. Mambo ya kusajili jimboni na kupata hadhi ya 501(c)(3), ile ya shirika lisilo la faida lisilotozwa kodi, sitayaeleza. Ni fomu, ada na subira. Nilichokuwa nakitaka ni ruzuku ya serikali kuu. Niliandika maombi miezi miwili, nikitoka kazini saa moja asubuhi, macho mekundu. Kumbe huwezi kuomba bila kusajiliwa SAM.gov, tovuti ya serikali kuu, ambako tangu Aprili 2022 ndiko shirika linakopewa namba yake ya utambulisho, UEI, badala ya ile ya zamani ya DUNS. Na mimi nilikuwa nimejaza fomu zetu kiholela. Kwenye hati ya jimbo jina letu lilikuwa na "and", kwenye barua ya IRS, mamlaka ya kodi, likawa na "&". Anwani moja ya nyumbani kwangu, nyingine ya ofisi ya kanisa. Tukaambiwa tuthibitishe kwamba sisi ni sisi. Tulipomaliza kuthibitisha, siku ya mwisho ilikuwa imepita. Mweka hazina alilia palepale mkutanini. Mimi nilijikaza hadi nilipofika kwenye gari.

Halafu kuna shirika moja kubwa lililotuahidi barua ya ushirikiano. Siku ya kuihitaji, simu haikupokelewa. Miezi michache baadaye nikaona wametoa vipeperushi vya Kiswahili, wazo letu kabisa, hata rangi. Mchungaji ananiambia nisamehe. Niko njiani.

Sasa dada yangu, unajua nani alimpa Afande nyumba? Si sisi. Alipata vocha ya HUD-VASH: Wizara ya Nyumba (HUD) inalipa sehemu kubwa ya kodi, mpangaji anatoa takriban asilimia 30 ya kipato chake, na VA, yaani Wizara ya Maveterani, wale waliowahi kuwa wanajeshi, inampa mhudumu wa kumfuatilia. Depoziti ililipwa na shirika jingine lenye ruzuku ya SSVF, pesa ambazo VA huyapa mashirika kwa kazi kama hiyo. Pesa zilikuwa hapahapa mjini muda wote huo tukipitisha kofia! Alichokosa Afande ni DD-214, ile karatasi ya kuachishwa jeshi. Yake ilipotea na vitu vyake vyote vilipopigwa mnada kwa kushindwa kulipia stoo. Tuliiomba St. Louis, kwenye hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi, bila kulipa hata senti. Wazee wa enzi za vita vya Korea wana kazi zaidi, kwa sababu moto wa Julai 1973 uliteketeza mamilioni ya mafaili ya jeshi la nchi kavu, na lazima waombe kumbukumbu zao zijengwe upya.

Kwa hiyo ushauri wangu: usikimbilie ruzuku, kimbilia karatasi za watu. Hudhuria mikutano ya Continuum of Care ya eneo lako, ule mtandao wa mashirika yanayoshughulikia wasio na makao, hata kama inachosha, na inachosha kwelikweli. Omba kuwa mkandarasi mdogo chini ya shirika ambalo tayari lina ruzuku. Sisi ndivyo tulivyo leo, na kodi ya yule mzee wa kwenye picha haikutoka mfukoni mwetu. Ukishawishika na ruzuku ya VA ya vitanda vya makazi ya muda, GPD, kumbuka hulipwa kwa kila kitanda kwa usiku ambao mtu amelala, na kabla ya hapo VA huja kukagua hadi milango ya dharura. Pesa zinafuata kazi. Usipokuwa na akiba, utafunga kabla ya malipo ya kwanza. Na namba ya VA ya maveterani wasio na makao, 877-424-3838, iweke kwenye simu yako leo.

Wenzangu, sisi tunapenda uzinduzi. Tunapenda fulana, keki na mgeni rasmi. Maveterani waliohesabiwa bila makao Marekani nzima Januari 2010 walikuwa 74,087. Januari 2024 walikuwa 32,882. Waliopungua hao, kwa sehemu kubwa, wametolewa barabarani na vocha na ruzuku zenye fomu za kuudhi. Sijaona keki hata moja iliyomtoa mtu garini. Acheni kuanzisha kila mtu chake! Mjini kwetu kuna watu wawili walionuna wakafungua mashirika yao, na wote wananipigia mimi wakitafuta DD-214.

Dada wa Columbus, ukipata UEI niandikie tena. Na kama jina ulilolichagua lina "&", libadilishe kabla hujajaza fomu ya kwanza.