Mabua ya Mtama, Kimea na Spiriti ya Injini

SWALI: Mhariri, mimi ni mkulima wa mtama wilayani Kongwa. Baada ya mavuno mabua hubaki shambani tele, na jirani yangu fundi seremala hana pa kupeleka vumbi la mbao. Nimesikia kwamba mabaki ya namna hii yakichachushwa hutoa spiriti ya kuendeshea injini. Je, nikiyasaga na kuyaloweka pamoja na kimea, kama tunavyopika pombe ya mtama, nitaipata?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Ndugu msomaji, spiriti hupatikana humo, ila si kwa njia hiyo. Katika pombe, vimeng'enya vya kimea huukata wanga wa nafaka ukawa sukari, kisha hamira huila sukari hiyo na kutoa ethanoli. Katika bua kavu na mbao, sukari imefungwa ndani ya selulosi, ambayo vimeng'enya vya kimea haviiwezi, na selulosi yenyewe imeshikamana na lignini, kitu kinachoupa mti ugumu wake. Ndiyo maana viwandani mabaki hupikwa kwanza kwa mvuke wa shinikizo kubwa au kwa asidi hafifu, mara nyingi kwenye nyuzi 160 hadi 200 za Selsiasi, ndipo yanapotiwa vimeng'enya vya kuvu kama Trichoderma reesei. Hata hapo, zailosi, sukari itokayo kwenye hemiselulosi iliyoambatana na selulosi, hamira ya kawaida haiichachushi.

Tuseme kilo 100 za mabua makavu zina kilo 35 za selulosi: hata ikigeuka yote, upeo wake ni lita 25 hivi za ethanoli, na hakuna kiwanda kinachoufikia. Halafu sharti ukeneke, yaani uchemshe na kuukusanya mvuke wa spiriti, kwa kuwa kilichochachuka ni maji kwa sehemu kubwa, na kuni za kukichemshia unajua mwenyewe zinavyopatikana huko kwenu. Wala sidhani kama polisi watakaoukuta mtambo wako watauita jina jingine zaidi ya gongo.

Ukiwa na mtama wenye bua tamu, ule ambao watoto huutafuna, jaribio lako lianzie hapo: maji yake yakikamuliwa bua likiwa bado bichi, hamira huyachachusha bila kimea. Mabua makavu mimi ningewalisha ng'ombe, kisha kinyesi chao kiingie kwenye mtambo wa bayogesi, ambako bakteria hukichachusha pasipo hewa na kutoa gesi ya kupikia. Pima kwanza maji ya kiangazi, maana mitambo mingi hutaka maji karibu sawa na kinyesi. Vumbi la mbao usilitie humo, haliozi kwa urahisi. Lishindiliwe liwe vitofali vya kuni.