Mashine ya kukatia majani haiwaki: mota iache mwisho

Ninyi mliomaliza VETA juzi, na ninyi mnaojifunza kazi kibandani bila cheti, nawaandikia wote. Natengeneza mashine za umeme za kukatia majani hapa Dar es Salaam, nyingi zinatoka nyumba za upande wa bahari, Mbezi Beach, Kawe, Kunduchi. Kosa ninaloliona kwa vijana ni lile lile. Mteja anasema, "Fundi, haiwaki," na kabla hajapata pa kukaa, kijana ameshashika bisibisi anafungua mota.

Mimi kosa hilo nililifanya, na aliyelipia ni mteja. Mama mmoja alileta mashine ya wati 1,600. Alisema inanguruma kidogo halafu inakaa kimya. Nikaifungua, nikaigusa mota, ina joto, nikanusa, nikasikia harufu ya vanishi, ile inayopakwa kwenye nyaya za ndani ya mota. Nikamwambia, "Mama, mota imeungua." Akatoa hela, nikatafuta mota nyingine ya mtumba, nikafunga, ikawaka vizuri pale pale kibandani. Kesho yake akanipigia simu: "Mwanangu, mbona ni yale yale?" Nikaenda kwake. Bustanini nikakuta ekstensheni ya mita 50 ya waya mwembamba, imeungwa sehemu mbili kwa tepu, nusu yake bado imeviringishwa kwenye kibao chake. Nilipoigusa ile iliyoviringishwa ilikuwa ya moto. Mota yake ya kwanza ilikuwa nzima kabisa. Nilimrudishia hela yake na mota yake, na tangu siku hiyo sitamki neno "imeungua" kabla ya kupima kila kilichopo kati ya ukuta na mota.

Hesabu yake fanyeni mara moja, hamtaisahau. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 wenye urefu wa mita 50 una mita 100 za shaba ndani, kwa sababu umeme unakwenda na kurudi. Ukinzani wake unafika omu 2.3 hivi. Mashine ya wati 1,600 kwenye volti 230 inavuta ampea 7, kwa hiyo ikiwa inazunguka unapoteza volti 16 njiani, hasara inayovumilika. Shida iko pale inapoanza. Mota nyingi wakati wa kuondoka huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida, na hapo volti kama 50 zinaweza kuishia kwenye waya. Mota isiyo na kaboni, vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, nguvu yake ya kuondokea hushuka kwa mraba wa volti. Ipe 175 badala ya 230, imebakiwa na chini ya theluthi mbili ya nguvu yake. Ongezea majani mabichi yaliyogandamana chini na umeme mdogo wa jioni, hapo itanguruma tu na kuchemka. Kwa mashine za namna hii mshauri mteja atumie waya wa milimita za mraba 1.5, na kama bustani ni kubwa, 2.5. Na aukunjue wote kabla ya kuwasha, usibaki kwenye kibao. Angalieni pia nyaya za bei ya chini zinazong'aa kama shaba kumbe ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu. Zikwangueni kwa kisu mwone rangi ya ndani.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mteja ni hili: "Unaichomeka wapi, na kwa waya gani?" Akija na mashine peke yake, namwomba alete na ekstensheni yake.

Soketi msiipime kwa bisibisi ya tesita peke yake. Ile taa ndogo inawaka fezi (waya unaoleta umeme) ikiwepo tu, hata kama nyutro (waya unaourudisha) imekatika, na kijana anaapa kwamba umeme upo. Chomeka kitu chenye mzigo, kama pasi, uone kinafanya kazi, au pima kwa multimita kati ya fezi na nyutro. Kama nyumba ina breka ya kuzuia mtu asipigwe na umeme, ile ya miliampea 30, na inakatika kila mashine inapochomekwa, usiibane wala kuirukia kwa waya. Kuna mahali umeme unavuja, mara nyingi kwenye waya uliojeruhiwa au swichi iliyoingia maji ya mvua.

Kuanzia hapa mashine iwe imechomolewa, na plagi iwe mahali unapoiona kwa macho yako. Kumwambia mtu "usiwashe" hakutoshi. Kisu cha mashine hizi hakijui kama ulikuwa unajaribu tu. Vaeni glavu nene kabla ya kuipindua.

Fungua plagi. Zile za pini tatu bapa zina fyuzi ndani, na nimekuta fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya sigara, na nyingine iliyowekewa kipande cha msumari. Fyuzi mpya ni bei ndogo sana, msimwachie mtu nyumba yake katika hali hiyo. Kaza skrubu. Ukikuta plastiki imebadilika rangi kuwa kahawia kwenye pini moja, skrubu hiyo ilikuwa imelegea siku nyingi. Usishtuke ukikuta mashine ina nyaya mbili tu, ya bluu na ya kahawia, bila ya ardhi. Angalia kibandiko chake: alama ya mraba ndani ya mraba maana yake imewekewa kinga mara mbili, ndivyo ilivyotengenezwa.

Waya wa mashine hukatika kwa ndani pale unapokunjwa kila siku, karibu na plagi na pale unapoingia kwenye mkono wa kusukumia. Nje unaonekana mzima. Weka multimita kwenye mlio, shika ncha ya huku na ncha ya huku, halafu ukunje waya polepole, inchi kwa inchi. Mlio ukikatika na kurudi, umeshapata. Kata hapo na ufunge upya, usiunge katikati kwa tepu. Waya huu unaburutwa kwenye umande, na kuna watoto wanaotembea peku bustanini.

Sasa swichi, nayo nataka tuikalie, kwa sababu kwa hesabu ya mashine zilizopita mikononi mwangu hii ndiyo inaongoza. Mashine hizi zina mambo mawili kwa pamoja: kitufe cha kufungua, na mkono wa kuvuta. Lazima ubonyeze kitufe kwanza, uvute mkono, ndipo uachie kitufe. Ukivuta mkono kwanza haiwaki, na imewekwa hivyo ili isijiwashe yenyewe mtu akiigusa kwa bahati mbaya. Kijana mpya wa bustani ambaye hakuonyeshwa atakuletea mashine nzima kabisa. Ukikuta ni hivyo, usimcheke. Mwonyeshe, afanye mwenyewe mara tatu mbele yako.

Mwaka mmoja wakati wa masika nilifungua kibweta cha swichi cha mashine iliyokaa stoo miezi miwili. Kulikuwa na sisimizi wametengeneza kwao humo, mayai meupe yamejaa pembeni, na kati ya vigusio viwili vya shaba kulikuwa na kitu cheusi kama masizi. Ni sisimizi waliobanwa pale swichi ilipofungwa, mmoja juu ya mwingine, wakakauka wakawa ukuta mwembamba kuliko karatasi. Umeme haupiti hapo. Nilivisafisha vigusio kwa kipande cha msasa laini, nikavifuta kwa spiriti, nikaziba tundu la waya pale walipopitia, mashine ikawaka. Kazi ya nusu saa. Fundi wa kabla yangu alikuwa amemtajia mteja bei ya mota.

Kwenye nyumba za karibu na bahari badala ya sisimizi utakuta kutu ya kijani kwenye vigusio na kwenye vichwa vya nyaya. Chumvi ya upepo inaingia kila mahali. Safisha, na kama chemchemi ya swichi imechoka au plastiki imeyeyuka, badilisha swichi nzima, usiifufue. Na tafadhali, msiunge nyaya moja kwa moja kuiruka swichi ili tu mteja aondoke ameridhika. Mashine isiyozimika mtu anapoachia mkono inakata vidole.

Mashine nyingine zina kikata joto ndani ya mota. Ikizidiwa hujikata, na ikipoa hujirudisha. Mteja akikwambia "ilizima katikati ya kazi na sasa haiwaki", iache ipoe nusu saa au saa nzima kabla hujagusa kitu. Ikiwaka, tafuta kilichoichosha: kisu butu, majani marefu yaliyokatwa kwa mara moja, au majani yaliyoganda chini kama udongo. Kwangua hayo yote, halafu zungusha kisu kwa mkono wenye glavu. Kizunguke laini. Kikikwama au kikikwaruza, beringi imekufa au kuna kamba imejizungusha kwenye shafti.

Ukishathibitisha umeme unafika mpaka kwenye mota, ndipo ushughulike nayo, na umuulize mteja ilikuwa inanguruma au iko kimya. Majibu hayo mawili yanakupeleka njia tofauti.

Ikinguruma bila kuzunguka na kisu kiko huru, ni aina isiyo na kaboni, shuku kapasita, kile kifaa kinachohifadhi umeme ili kuisaidia mota kuanza. Usiiguse kwa vidole. Inaweza kuwa imehifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa, kwa hiyo itoe chaji kwa kugusisha miguu yake na nyaya za balbu ya wati 100 ya zamani, ile ya nyuzi, na si kwa kuipiga shoti na bisibisi. Ubavuni imeandikwa, kwa mfano, 20 µF 450 V, ±5%, yaani maikrofaradi 20. Pima kwa multimita yenye sehemu ya kapasita. Ikisoma 12, imekwisha, hata kama haijavimba. Nunua yenye maikrofaradi zile zile na volti zile zile au zaidi. Kuna mafundi huwaambia wateja wasukume kisu kwa kijiti ili mota ianze. Usilitoe shauri hilo hata siku moja.

Ikiwa kimya kabisa, au inatoa cheche na kuwaka kwa kusitasita, ni ya kaboni. Zitoe. Zikiwa zimebaki milimita 5 hivi, au moja imekwama kwenye nyumba yake kwa vumbi la majani, umepata jibu. Badilisha zote mbili kwa pamoja. Kaboni za ukubwa mwingine msizisugue mpaka ziingie kwa nguvu, ziteleze zenyewe.

Kuna mashine zilizokuja na ndugu kutoka Marekani ndani ya kontena. Kule umeme wa nyumbani ni volti 120, na Japani 100. Mtu amebadilisha plagi tu, akachomeka kwenye 230 yetu. Ikilia kwa kasi ya ajabu kisha kishindo, basi. Nyingine ndani zina diodi nne zinazogeuza umeme kabla haujafika kwenye mota, na hizo huenda zimekufa wakati mota iko salama, kwa hiyo zipime kabla ya kukata tamaa. Soma kibandiko cha volti siku zote kabla ya kuchomeka mashine ya mgeni kwenye soketi yako. Hata ukiinunulia transfoma ya kushusha volti, iwe na wati zaidi ya za mashine, na mota isiyo na kaboni ya herzi 60 itazunguka taratibu zaidi kwenye 50 yetu.

Za betri sina mengi. Tazama kwanza kama funguo ndogo ya usalama ipo mahali pake, kisha vigusio vya betri, kisha betri yenyewe kwa kupima volti.

Mwisho kabisa ndiyo koili, zile nyaya zilizosukwa ndani ya mota. Pima kati ya koili na kasha la chuma la mota, isionyeshe njia yoyote. Pima koili zenyewe, zisome omu chache na zisiwe zimekatika. Ukikuta shoti, hapo sasa una haki ya kusema mota imeungua, na mteja achague kusuka au kununua nyingine. Wakati mwingi nimefika mwisho huu mikono mitupu, kwa sababu ugonjwa niliukuta njiani.

Siku ya kumkabidhi, waweke mwenye mali na kijana wake wa bustani pamoja. Chomeka kwa ekstensheni yao wenyewe, si yako. Mwache kijana abonyeze kitufe, avute mkono, akate mistari miwili ya majani, aachie, na nyote mtazame kisu kinasimama baada ya sekunde ngapi. Kifaa ulichokitoa kiweke kwenye mfuko, umpe mwenyewe.