"Yalipewa kipaumbele": yote?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nafanya kazi ya kompyuta hapa Mtwara mjini, naangalia seva za ofisi tatu: hapa, Masasi na Newala. Kila asubuhi naandika ripoti ya usalama wa mifumo. Juzi niliandika, "Matukio 200 yalifuatiliwa na kupewa kipaumbele." Mkuu wangu akauliza, "Yote 200?" Kosa langu liko wapi?

JIBU: Marahaba. Mkuu wako amesoma sawasawa. Kumpa mtu kipaumbele ni kumtanguliza: wajawazito wakipewa kipaumbele kliniki, wengine wanangoja. Neno lenyewe limebeba -pa na umbele ndani yake. Sasa matukio yote 200 yakitangulizwa, yanamtangulia nani? Wewe uliyalinganisha ukaona lipi zito, lipi jepesi. Huko ni kuchambua na kupanga kwa uzito. Neno hilo mnalo ghalani: korosho zikishaanikwa huchambuliwa, daraja la kwanza kando, la pili kando.

Ila jambo likiwa zito, usiandike ni la "ngazi ya juu". Kumbukumbu za seva, yaani mistari ambayo seva huandika jambo linapotokea, zikifuata utaratibu uitwao syslog zina ngazi 0 hadi 7, na 0 ndiyo dharura. 7 ni maelezo ya fundi anayesaka hitilafu. Msomaji atadhani 7 ndiyo ya kutisha. Andika "zito zaidi", basi.

Kufuatilia nako kuna jambo. Fuata, fuatia, fuatilia, kama shika, shikia, shikilia: kadiri kitenzi kinavyorefuka ndivyo mtu anavyong'ang'ania kitu kilekile mpaka mwisho wake. Kabla hakijatokea chochote, unachunga. Mlinzi aliye kwenye dungu anachunga shamba zima. Akiona nyayo za nguruwe, hizo ndizo anazifuatilia.

Linalonisumbua zaidi ni hilo "matukio 200". Karani aliyekosea nywila mara moja asubuhi, akarudia akaingia, hajaleta tukio. Kwetu tukio ni jambo lililotokea likaacha habari ya kusimuliwa. Mstari mmoja wa kumbukumbu ni ishara tu. Lakini tuseme akaunti moja ya Newala imekosea nywila mara kumi saa nane usiku, ya kumi na moja ikaingia, na dakika chache baadaye akaunti ileile ikafungua mafaili ya Masasi. Seva mbili, mistari kumi na miwili au zaidi, na kila mmoja peke yake hausemi kitu. Ukiiunganisha ndipo unapata tukio, nalo ni moja. Ndiyo maana mnakusanya kumbukumbu za ofisi zote mahali pamoja na kuhakikisha saa za seva zinalingana. Ukihesabu ishara ukaziita matukio, mkuu ataona hatari 200 pasipo na hata tano.

Mimi ningeandika hivi: "Tumechunga seva za ofisi tatu. Tumepokea ishara 200, tukazichambua na kuzipanga kwa uzito. Tukio moja, la akaunti ya Newala, limepewa kipaumbele na linafuatiliwa."